Koo la Mashua

Mashua yenyewe haikuwa ya kutazamwa mara mbili. Ilikuwa imepumzishwa juu ya magogo chini ya mkwaju, uani kwa Mzee, huko Mnarani, upande wa kusini wa mkono wa bahari unaoingia Kilifi. Urefu wake ulikuwa futi 28. Gamba lake la faibaglasi, ambalo hapo zamani lilikuwa jeupe, lilikuwa limefanya ukoga wa kijani. Na kuku wa jirani walikuwa wamezoea kutaga ndani ya ngama yake. Mzee aliinunua mwaka 2021 kwa bei iliyowachekesha walioisikia. Wapo waliosema kuwa amejinunulia banda la kuku lenye usukani.

Mzee hakuwajibu. Alikuwa ameshika spana kwa zaidi ya miaka thelathini, akitengeneza injini za mashua za wavuvi na za wageni wanaokuja kuvua sulisuli kati ya Kilifi na Watamu, na mtu aliyezoea kusikiliza injini huwa hana haja kubwa ya kusikiliza watu. Alichotaka ni kuirudisha mashua hiyo majini kaskazi ya mwisho wa mwaka 2022 ikivuma, apate kumkabidhi mwana wa marehemu nduguye, avulie nguru na jodari, aachane na vibarua vya Mombasa. Kijana huyo alikuwa na umri wa miaka 25, stashahada ya uhandisi wa mitambo, na daftari ambalo halikumtoka mkononi.

Kazi ya miezi ya mwanzo haihitaji kusimuliwa kwa urefu. Ilikuwa msasa, kisha msasa, kisha msasa tena. Walikwangua rangi, wakaziba nyufa, wakang'oa mbao zilizooza chini ya injini na kuweka za mvule. Yeyote aliyewahi kukwangua faibaglasi anajua vumbi lake: halichomi, huwasha, nalo hufuata mtu hadi kitandani. Mke wa Mzee aliwapiga marufuku kuvuka kizingiti kabla ya kuoga kwa maji baridi, na shuka zao akazifua mbali na nguo nyingine.

Ugumu ulianza walipofika kwenye njia ya moshi. Ulianza, kwa hakika, kwenye jina.

Kwa chombo cha mbao Mzee hakupungukiwa na neno. Mkuku ndio uti wa mgongo wake, mataruma ndiyo mbavu, na banduru ni pale maji ya ngama yanapokusanyika yakingoja kufuliwa. Maneno hayo aliyarithi pamoja na shoka na keekee. Lakini gamba hili lilitoka kiwandani ng'ambo likiwa halina mataruma ya kuhesabu wala kalafati ya kupiga, na maelezo yaliyokuja nalo, kurasa tatu zilizoonjwa na mchwa, yalikuwa ya Kiingereza. Kijana alikitaja kila kitu kwa Kiingereza hicho hicho. Mzee alivumilia siku ya kwanza na ya pili. Siku ya tatu aliliweka chini kombe la kahawa akauliza:

"Hiki unachokitaja, mwanangu, kazi yake nini?"

"Kinapandisha maji na moshi, Ami, halafu kinayatema nje."

"Basi hilo ni koo."

Tangu siku hiyo likawa koo. Sanduku linalopokea maji kabla hayajapanda likaitwa tumbo. Tundu la tezini likaitwa mdomo. Na kipande kilichopinda ambamo maji hukutana na moshi kikaitwa kiwiko, jina ambalo mafundi wa mabomba ya majumbani walikuwa wamekwisha kulizoea. Inafaa litajwe hapa, kwa faida ya wale wanaodhani kuwa istilahi haziwezi kuzaliwa ila kwenye warsha zenye chai na vitafunio, kwamba uani pale hapakuitishwa kikao. Kazi ilikuwa imesimama ikilingoja neno, na neno likaja.

Koo hilo lafanya kazi hivi. Injini ya dizeli iliyo ndani ya mashua hukaa chini, aghalabu chini ya usawa wa maji ya nje, na moshi wake hutoka ukiwa na joto la nyuzi 400 na zaidi. Moshi wa namna hiyo hauwezi kupitishwa vivi hivi katikati ya mbao, nguo na matangi ya mafuta. Kwa hiyo pampu huvuta maji ya bahari, yakaipoza injini, kisha yakamiminwa ndani ya moshi penye kiwiko. Hapo moshi hupoa ghafla kiasi cha mtu kuweza kuligusa bomba kwa kiganja. Maji na moshi huteremka pamoja hadi tumboni; msukumo wa moshi huyainua maji, yakapanda kooni, yakavuka nundu ya juu, yakateremka na kutemwa nje tezini. Mwenye masikio huisikia mashua ikicheua.

Hadi hapo pana salama. Hatari huja injini inapozimwa. Maji yaliyokuwa njiani hurudi tumboni, na tumbo likiwa dogo hufurika kuelekea nyuma. Tena mawimbi yanayoipiga tezi huweza kuingia kwa mdomo ule ule, na nundu ya koo ikiwa fupi huivuka, yakajaza tumbo, yakapanda kiwiko, yakaingia kwenye injini. Injini iliyolala aghalabu huacha valvu mojawapo wazi. Maji ya chumvi yakishaingia juu ya pistoni, hayabanwi kama hewa inavyobanwa. Pistoni hugota, na injini haiwaki tena. Kwa sababu hiyo vitabu vya ufundi huagiza kuwa nundu ya koo ipande angalau inchi 12 juu ya usawa wa maji, na bomba lisipungue upana popote tangu injini hadi mdomoni. Upana wao wao ulikuwa inchi 3.

Koo la zamani lilikuwa la chuma na lilikuwa limelika hata kidole kikapenya. Yaliyo tayari madukani yalikuwa yamenyooka au yana pembe zinazojulikana, ilhali mashua hii ilitaka kitu kisichojulikana: kipande kinachopanda, kikakunja kushoto kulikwepa tangi la mafuta, kikavuka, kisha kikateremka kwa kuinama hadi ukuta wa tezi. Kijana aliuliza gharama ya kutengenezewa ng'ambo. Alipopata jibu aliikunja karatasi mara nne akaitia mfukoni, na Mzee hakumwuliza imeandikwa nini.

"Tutalifinyanga wenyewe," alisema Mzee.

Kijana alifanya utafiti wake. Resini ya kawaida ya poliesta, ile ambayo vijana wa Mtwapa huzibia nyufa, hulegea kwenye joto. Alitaka vinilesta, ambayo huvumilia zaidi, naye akaifuata Mombasa kwa matatu, kopo limefungwa kwenye gunia. Sehemu kavu, ile ambayo moshi haujakutana bado na maji, walikubaliana kuwa itabaki chuma, maana hakuna resini itakayoistahimili. Palihitajika pia kengele ya kuonya joto likizidi, kwani siku pampu itakapokosa maji, bomba la faibaglasi litalegea kama mshumaa kabla nahodha hajamaliza kushangaa.

Kalibu ilikuwa ya povu, lile povu gumu jeupe linalofungashiwa friji. Kijana aliliunganisha vipande kwa vipande, akalichonga kwa kisu cha jikoni na msasa, akalipinda kama alivyotaka, na kwa kweli lilipendeza. Kisha akalipaka resini. Kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha maji, kalibu ilianza kusinyaa. Iliingia ndani kama shavu la mzee aliyeng'olewa meno, ikanata, ikawa ute. Stairini iliyomo kwenye resini hula povu la aina hiyo, na kijana alilijua hilo. Lilikuwa limeandikwa katika daftari lake kwa kalamu nyekundu.

Mzee alicheka hata akaketi.

Kalibu ya pili waliivisha utepe wa kufungia katoni, tabaka juu ya tabaka, kisha wakaipaka nta ili resini isishike. Walikata mkeka wa nyuzi za kioo vipande vyembamba, kwa kuwa kipande kipana hakikubali kukunja kona bila kufanya mikunjo, na baina ya mikeka wakaweka kitambaa kilichofumwa. Walifanya kazi alfajiri. Siku moja kijana alichanganya resini saa sita mchana akitumia kipimo kile kile cha kichocheo. Joto la Kilifi likamsaidia kuliko alivyoomba, kopo likaanza kufuka moshi mkononi mwake na kugeuka jiwe kabla hajachovya brashi ya pili. Basi wakarudi kwenye alfajiri. Tabaka moja, roller ya kufukuza hewa, kungoja. Tabaka la pili, kungoja. Mpaka ukuta wa koo ukatimia robo inchi. Siku ya tano kijana alimimina asetoni ndani, povu likayeyuka, utepe ukavutwa kama utumbo wa kuku, na likabaki koo tupu, la rangi ya asali, linalopenyeza mwanga. Lilikuwa jepesi ajabu. Kijana alilishika kwa mikono miwili akalitazama jua kupitia ubavuni mwake.

Jioni ile Mzee alitwaa mpira mwembamba unaopenyeza macho, akaujaza maji, na kuutumia kama waashi wanavyoutumia kutafuta usawa. Ncha moja aliiweka nje, penye mstari ambao rangi ya zamani iliuachia alama ya maji. Ncha ya pili aliipandisha ndani, akaweka alama ya chaki. Kisha akapima tangu chaki hadi mahali nundu ya koo itakapokaa.

"Inchi kumi na mbili na nusu," alisema.

"Naam, Ami. Kitabu kinataka kumi na mbili."

"Nataka kumi na nane."

Kijana alidhani ni mzaha. Alifungua daftari akaeleza kwa adabu, kisha kwa adabu iliyopungua kidogo. Inchi kumi na nane maana yake ni kulitoboa sanduku la tezini, kuliinua, na kupoteza nafasi ambayo mvuvi husimama akivuta mshipi. Ni wiki mbili zaidi. Ni kopo jingine la resini, na fedha zilikuwa zimekwisha. Hesabu ilikuwa sahihi. Hata mwalimu wake angeipa alama. Mzee aliisikiliza yote, akaingia bandani, akatoka na msumeno, na kabla kijana hajaelewa, akalikata koo lile katikati ya nundu.

Ni tendo lisiloweza kutetewa. Mkubwa anayeiharibu kazi ya mdogo wake bila ya neno hujivunjia heshima aliyopewa na umri, na watu wa uani pale walilisema hilo usiku huo huo. Kijana hakupandisha sauti. Alivua glavu, akaziweka juu ya gogo, akauliza:

"Kwa nini, Ami?"

Mzee alikuwa bado ameshika msumeno. Hakumtazama.

"Injini ya babako mimi ndiye niliyeifunga."

Haya ndiyo yaliyojulikana kwa wote: kwamba mwezi wa Julai, mwaka 2006, kusi ikiwa imekaza, babake kijana alitoka na wenziwe wawili kwa mashua ya mbao, kwamba walisimamisha injini nje ya mwamba ili wavute nyavu, na walipotaka kurudi injini ikakataa, kwamba mkondo uliwasukuma hadi kwenye mwamba, wawili wakaogelea, na mmoja hakuonekana hadi siku ya tatu. Nyumbani kauli ilikuwa moja, kwamba bahari imemchukua. Kijana, aliyekuwa na miaka tisa wakati huo, alikua nayo. Ambalo halikusemwa ni kwamba injini iliokolewa, na kwamba Mzee aliifungua peke yake usiku, kwa taa ya kandili, akakuta maji ya chumvi juu ya pistoni. Bomba la moshi alikuwa amelipitisha chini. Wavuvi ndio waliomwomba, ili wapate pa kusimama tezini wakivuta nyavu.

Kijana aliondoka. Hakuja kesho yake, wala kesho kutwa. Mzee aliendelea kupiga msasa mahali palipokwisha kulainika.

Siku ya kumi na moja kijana alirudi, akakuta vipande viwili vya koo vimening'inizwa kwenye tawi la mkwaju ili kuku wasivichezee.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mwanangu."

Aliketi juu ya gogo. Kimya kilikuwa kirefu.

"Ilikuwa inchi ngapi?"

"Tatu."

Kijana alitoa daftari, akaandika, akalifunga. Kisha akasema kuwa amemwuliza mamake. Mzee aliinamisha kichwa.

"Amenambia kwamba alikuwa akijua. Kwamba ulikwenda ukamwambia mwenyewe, siku ya arubaini, na yeye ndiye aliyekukataza kuniambia mpaka nitakapokuwa mtu mzima. Sasa nauliza, Ami, huo utu uzima mliupanga uje lini?"

Mzee hakuwa na jibu, na ni haki kusema kuwa jibu halikuwepo. Kijana alisimama akauzunguka ukuta wa tezi. Alisema kuwa sanduku likiinuliwa kwa inchi sita, pembeni patabaki nafasi ya mtu mmoja kusimama, si wawili. Mvuvi wa pili atavutia ubavuni. Alikuwa amelichora. Resini alikuwa nayo kwenye gunia. Alifanya kibarua bandarini siku tisa kati ya zile kumi na moja.

Koo la pili lilichukua muda mrefu kuliko la kwanza, maana safari hii walibishana kila hatua, na ubishi huwa mwepesi pale ambapo la kufichwa limekwisha. Mzee alitaka tabaka saba, kijana alithibitisha kuwa sita zatosha, wakaweka saba. Kijana alitaka tumbo liwe kubwa mara mbili ya maji yanayoweza kurudi kutoka kooni, na hapo Mzee aliyeyuka kwa furaha. Waliziba ncha moja ya koo, wakalijaza maji, wakaliacha usiku kucha juu ya karatasi za magazeti ili kuona kama litatoa jasho. Ufa unaopitisha maji hupitisha na moshi, na moshi wa injini una kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoweza kumwua mtu aliyelala ndani ya mashua akidhani amechoka tu. Asubuhi magazeti yalikuwa makavu.

Waliishusha mashua mwezi wa Januari 2023, kwenye bamvua, kwa magogo na kamba na mabega ya jirani wale wale waliokuwa wamecheka. Injini ilikohoa, ikakohoa, ikashika. Kitambo kidogo tezi ikacheua kwa mara ya kwanza, maji na moshi mweupe, na watoto wakapiga vigelegele. Mzee alikuwa amepiga magoti ndani, kiganja juu ya koo. Lilikuwa na joto la kikombe cha chai kilichosahauliwa.

Mamake kijana alikuja ufuoni. Hakupanda. Alisimama juu ya mchanga mkavu, mtandio umeshikwa na upepo, mpaka mashua ilipopita chini ya daraja.

Nje ya mwamba kaskazi ilikuwa ikivuma kiasi. Hapo walifanya jambo ambalo baharia yeyote angelishangaa: nanga waliifunga tezini badala ya omo, mashua ikawa inawapa mawimbi mgongo, na Mzee akaizima injini. Mawimbi yakaja, moja baada ya jingine, yakiupiga ukuta wa tezi na kuufunika mdomo. Kila moja lilisikika likiingia, likipanda, kisha likirudi. Walikaa hivyo kwa muda wa saa nzima. Hawakuzungumza, isipokuwa mara moja, Mzee alipouliza kama kijana anahisi kichefuchefu, na kijana akasema hapana, ilhali alikuwa nacho.

Kisha Mzee alifungua kizibo kidogo cha shaba alichokiweka kwenye sehemu ya chuma, baina ya injini na kiwiko. Alitwaa waya uliofungwa kitambaa cheupe nchani, akauingiza polepole hadi ukagota, akauzungusha, akautoa. Kitambaa kilikuwa cheusi kwa masizi. Alikibonyeza kwa vidole, akakigusisha kwenye ulimi, kisha akampa kijana.

Kijana naye alikigusisha kwenye ulimi.

"Kikavu," alisema.

"Washa," alisema Mzee, akaanza kuvuta nanga.